Fataki iliyogoma ndiyo ya kuogopa: jibu kwa msomaji wa Makorora

Swali: "Asalaam alaykum, fundi. Tuko Makorora, Tanga. Mwezi wa kumi na mbili tunamwoza mdogo wetu, na vijana wameshanunua fashifashi: mikanda minne ya zile nyekundu zinazolia mfululizo, maboksi mawili ya mizinga ya kurusha juu, na vijiti vya cheche kwa ajili ya watoto. Idd iliyopita mkanda mmoja ulilia nusu ukanyamaza. Zilizobaki tumeziweka juu ya kabati. Je, tukizianika juani zitalia? Mikanda tunataka kuipiga uani bwana harusi akiingia, na mizinga tukaipige ufukweni usiku. Watu wasimame mbali kiasi gani, na je, kuna kibali?"

Waalaykumu salaam. Naanza na zile za juu ya kabati, maana hizo zinaweza kumkata mtu vidole hata kabla harusi haijafika. Msizianike. Zishusheni leo, polepole, pasipo kuzitikisa wala kuzichomoa moja moja, mzitose kwenye ndoo ya maji zizame kabisa na zilale humo hadi kesho. Ndoo ikae nje, mbali na jiko na mahali watoto wanapopita.

Sababu imo ndani ya fataki yenyewe. Kila fataki ya mkanda ni bomba dogo la karatasi iliyoviringishwa mara nyingi na kukazwa, lililozibwa kwa udongo ncha zote mbili, katikati kuna unga wa kulipuka, na kwenye ncha moja umechomekwa utambi. Baruti nyeusi ya kizamani ikiwashwa hadharani huwaka vuu! ikatoa moshi, basi. Kinacholeta mshindo ni karatasi: gesi inazaliwa ndani, haina pa kutokea, shinikizo linapanda hadi bomba linapasuka. Ndiyo maana fataki iliyoviringishwa kwa ulegevu hufuka tu kama sigara. Fataki nyingi za siku hizi, lakini, zina unga wa rangi ya fedha wenye alumini, na huo hauhitaji kubanwa sana. Unawaka upesi mno, na kidogo chake kinafanya kazi ya baruti nyeusi nyingi. Marekani fataki za kuuziwa watu wa kawaida zimewekewa ukomo wa miligramu 50 za unga kila moja, na hata hiyo ikilia ndani ya kiganja kilichofumba inatosha kupasua nyama.

Utambi wa mkanda ni karatasi laini iliyosokotwa na unga ndani yake. Chumvi zilizomo kwenye baruti huvuta unyevu, na hewa ya Tanga haikauki mwaka mzima. Utambi uliokaa miezi juu ya kabati huwa mkavu hapa na umelowa pale. Ukiuwasha, pakavu moto unaruka, penye unyevu unafukuta bila mwali. Huo mfukuto ndio unaoumiza watu. Mtu anaona moshi mwembamba umekatika, anahesabu moyoni, anasema imekufa, anasogea kuichungulia au kuiwasha upya. Kumbe kaa dogo bado linatambaa ndani ya karatasi, na hakuna anayeweza kusema litafika lini. Uso unakuwa juu ya fataki wakati huohuo.

Kuianika hakuirudishii hali yake ya kiwandani. Chumvi iliyolowa ikikauka huganda upya kwa mabonge, ikatengana na viungo vingine, hivyo katika mkanda uleule nyingine zitafifia na nyingine zitawaka kwa namna msiyoitegemea. Unga wa alumini nao ukilowa humenyuka na maji, ukatoa joto na gesi ya haidrojeni. Ongezeni juu yake jua la Tanga la saa saba, juu ya bati. Hiyo ni fataki ya kutupwa.

Kuna jambo moja hamkuliuliza lakini naona lazima niliseme kwa sababu vijana wamo nyumbani: zilizogoma zisipasuliwe ili kukusanya unga wake na kutengeneza moja kubwa. Unga huo hauhitaji moto kulipuka. Msuguano wa kisu kwenye udongo wa kizibo unatosha, na cheche ya umeme wa nguo ya nailoni inatosha. Na ile michezo ya vichwa vya viberiti na spoku za baiskeli ni ileile, kwa kuwa kichwa cha kiberiti kina klorati, ambayo haipendi kugongwa wala kusagwa. Chuma kilichoizunguka ndicho kinachogeuka risasi.

Sasa harusi. Kuhusu uani jibu langu ni hapana, na sioni namna ya kulilegeza. Fikirieni ua wenyewe siku hiyo: turubai limetandwa kutoka ukuta hadi ukuta, pembeni sufuria za pilau ziko kwenye kuni, mtungi wa gesi umejificha nyuma ya ndoo za vyombo, na mlangoni amesimama shangazi na chetezo cha udi chenye makaa mekundu. Wanawake wamevaa madira na mabuibui ya kitambaa cha polista, ambacho kikishika moto hakiwaki tu bali huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Shela ya bibi harusi ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa viwango vya Ulaya fataki nyepesi za bustanini hutaka angalau mita 8 kati yake na watazamaji. Ua wa Makorora hautoi hizo mita 8 upande wowote, na mkanda hurusha fataki ambazo hazijalia bado, zikaenda kulilia zilikoangukia.

Pigeni mtaani, bwana harusi na matarumbeta yake wakiwa bado hawajafika mlangoni. Chagueni kipande cha barabara kisicho na nyaya za umeme juu, kisicho na banda la makuti wala duka la kuuza petroli ya chupa karibu. Watu wote wasimame mita 15 au zaidi, nyuma ya kamba. Kamba ya katani yenye vitambaa inatosha, na wekeni watu wazima wawili wa kuilinda, kwa sababu vigelegele vikianza kila mtu anasogea mbele bila kujijua.

Mkanda hutundikwa, haulazwi chini. Ukilazwa, fataki zinazolia zinatawanya zile ambazo hazijafikiwa, utambi unakatika, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya mkanda kulia nusu. Pengine wenu wa Idd ulikufa hivyo, wala si unyevu peke yake. Chukueni fito mbichi ya mita 3 au 4, isimikeni kwenye pipa lililojaa mchanga iegemee upande mmoja, mfunge mkanda kwa waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni inayeyuka katikati ya shughuli, mkanda ukaanguka huku unalia. Ncha ya chini iwe juu ya ardhi kiasi cha futi moja, na moto uanzie chini. Asishike mtu fito hiyo mkononi, hata kama ameona watu wa nchi nyingine wakifanya hivyo kwenye video.

Mwashaji awe mmoja, mtu mzima, hajanywa kitu, amevaa suruali ya pamba na viatu vya kufunika vidole, na miwani ya mafundi wa kuchomelea au hata ile ya plastiki ya kazini. Kanzu aivue. Kiberiti cha gesi hakifai, kwa sababu kinakulazimisha kuinama na kuleta mkono mpaka kwenye utambi. Kinachofaa ni udi wa kijiti, ule mrefu, ukiufunga kwenye ncha ya ufito wa mita 1. Unawaka polepole, upepo hauuzimi kirahisi, nawe unabaki umesimama wima, kichwa kikiwa pembeni. Gusa ncha ya utambi, ukisikia "sss" geuka uondoke kwa hatua ndefu. Usikimbie kinyumenyume, wengi huanguka hapo. Kiwango cha Marekani kinataka utambi uchukue sekunde 3 hadi 9. Bidhaa zisizo na lebo hazifuati kiwango cha mtu yeyote, kwa hiyo hesabuni kwamba mna sekunde 2.

Mkanda ukilia ukanyamaza kabla ya kwisha, kamba inabaki palepale kwa dakika 20. Hizo dakika ndizo ngumu. Mziki unaendelea, bwana harusi anaingizwa, walinzi wa kamba wanataka kwenda kula, na watoto wa mtaa wameshaona fataki nyekundu nzima zimetapakaa chini kwenye karatasi zilizochanika. Mtoto haokoti takataka, anaokota fataki ya bure. Ataitia mfukoni, kesho ataiwasha kwa njiti akiwa ameishika kwa vidole viwili kwa sababu utambi umebaki nusu inchi. Kwa hiyo panga mapema mtu wa kubaki. Dakika 20 zikipita amwagie maji eneo zima akiwa mbali, kwa kopo au mpira, kisha aokote kwa koleo la jiko, si kwa mkono, atie kwenye ndoo. Asubuhi apite tena kwa mwanga wa jua, kwani usiku hamtaziona zote.

Wekeni ndoo 2 za lita 20 za maji, ndoo ya mchanga na gunia lililoloweshwa, kabla ya kuwasha cha kwanza. Namba ya Zimamoto ni 114.

Mizinga ya ufukweni ni kitu kingine. Boksi lile lina mabomba yaliyofungamanishwa kwa utambi mmoja wa ndani, na kila bomba linarusha kombora lake juu kwa mpigo wa baruti iliyoko chini yake. Kila kombora linapotoka, boksi linasukumwa chini na pembeni. Kwenye saruji halina shida kubwa. Kwenye mchanga laini kona moja inazama baada ya mipigo michache, boksi linainama, na mipigo iliyobaki haiendi juu tena, inakwenda kwa watu. Haizimwi katikati. Utambi ukishaingia ndani, boksi litamaliza kazi yake likiwa limesimama au limelala.

Dawa yake ni ubao mpana, wa sentimita 60 kwa 60 hivi, uliokandamizwa kwenye mchanga ulionyeshewa maji ukashindiliwa. Boksi likae juu yake, mlizungushie viroba vilivyojaa mchanga pande zote nne hadi theluthi mbili ya kimo chake. Si matofali, si mawe: bomba likipasuka, jiwe linakuwa kipande cha bomu. Hakikisheni upande ulioandikwa kuwa ni wa juu uko juu kweli. Mnaweza kucheka, lakini gizani boksi la mraba linafanana pande zote, na udongo wa chini ukigeuzwa juu kila mpigo unaingia ardhini. Watazamaji wawe mita 25 kwa uchache kwa boksi dogo, na mimi ningewapeleka mita 40 kwa kuwa kuna watoto na nafasi ya ufukweni haina bei.

Upepo msiukisie. Disemba ni kaskazi, inatoka baharini kaskazini mashariki na kusukuma kuelekea nchi kavu. Mkiweka boksi ukingoni mwa maji na watu wakakaa upande wa nyumba, kama wengi wanavyofanya ili "moto uwe baharini", majivu na vipande vinavyowaka vitawashukia wao, na baada yao mapaa ya makuti. Wapangeni kando ya ufukwe, upande ule upepo unakotoka, migongo yao ikiupokea. Chomekeni kijiti chenye utepe wa kanga mahali penyewe nusu saa kabla, maana usiku unaweza kugeuka ukatoka bara. Ukiwa mkali hadi utepe umelala moja kwa moja, ahirisheni. Ufukwe wenye ngalawa, nyavu na mabanda ya wavuvi si mahali pake hata upepo ukiwa umetulia. Angalieni pia maji: siku za bamvua yanajaa upesi, na boksi lililogoma likifikiwa na wimbi linaweza kuzolewa likaibukia asubuhi kwa wachuuzi wa dagaa.

Boksi likigoma, hakuna kuchungulia ndani ya bomba. Nimeliandika peke yake kwa makusudi. Macho na pua vinaharibika hapo kuliko mahali pengine popote. Dakika 20, maji mengi kutoka pembeni, kisha liloweshwe usiku kucha.

Vijiti vya cheche watu huvidharau kwa sababu havina mshindo. Cheche zake ni vipande vya chuma vinavyoungua, na ncha inapita nyuzi 1,000 za Selsiasi, wakati maji ya ugali yanachemka kwa 100. Chini ya miaka mitano asipewe kabisa. Wakubwa kidogo wapewe kimoja kimoja, mkono umenyooshwa, hawakimbii, wamevaa viatu, na kikiisha kinatumbukizwa kwenye ndoo ya mchanga mara moja. Waya uliozimika hauonekani kuwa wa moto, na mtoto anaukanyaga peku.

Kuhusu kibali: ndiyo. Vitu hivi vinaangukia kwenye Sheria ya Baruti, Sura ya 45, na mwisho wa mwaka polisi hukumbusha kuwa fataki hazipigwi kiholela. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mpate barua inayotaja siku, saa, mahali na aina ya fataki, muipeleke kituo kikuu cha polisi cha wilaya wiki mbili kabla. Nanyi mpite nyumba za jirani wenyewe. Mwenye mgonjwa, mwenye kichanga na mwenye mbuzi aliyefungwa kamba wanastahili kujua saa.

Hiyo mikanda mipya iliyokwisha kununuliwa, ikagueni. Tafuteni lebo yenye alama ya umbo la almasi ya rangi ya chungwa na namba 1.4G, yaani daraja la fataki za hatari ndogo, jina la kiwanda na maelekezo. Nyingi hutoka China, hasa Liuyang katika jimbo la Hunan, na za sherehe za Diwali hutoka Sivakasi, India. Yenye kona zilizobonyea, karatasi yenye madoa, au unga wa kijivu uliovuja ndani ya mfuko, irudisheni kwa aliyewauzia. Nzima ziwekwe ndani ya boksi lake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya ubao, kwenye chumba kikavu kinachofungwa kwa ufunguo. Si darini chini ya bati, si jikoni, si chini ya kitanda. Msizipakie kwenye buti la basi wala daladala.

Mtu akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, kisha kitambaa safi. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na mafuta ya nazi vyote vinafungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Jicho likipigwa, halisuguliwi, halioshwi, halitiwi dawa, na kilichochoma hakichomolewi. Kateni kikombe cha plastiki, kitako chake kifunike jicho bila kuligusa, kibandikeni kwa plasta, mgonjwa akae wima na apelekwe hospitali ya Bombo usiku huohuo. Asipewe aspirini. Kidole kikikatika, jeraha likandamizwe na kuinuliwa juu, na kipande chenyewe kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya barafu, barafu isikiguse. Kila jeraha la fataki, hata dogo, liombewe sindano ya pepopunda. Sikio likiendelea kuvuma zaidi ya siku moja, nendeni kwa daktari, msitie mafuta ya moto.

Zile mlizoloweka leo, kesho zitakuwa uji wa karatasi. Zifungeni zikiwa bado zimelowa, mifuko miwili, ziende kwenye gari la taka na mzoaji aambiwe ni nini. Msizichome pamoja na takataka za uani. Maji yake myamwage kwenye shimo kavu, mbali na kisima na mbali na mahali kuku wanaponywea.